Barua ya mnunuzi isomeke mbele ya kikao cha familia

Anayetaka nyumba ambayo mwenyewe hajatangaza kuiuza anabisha hodi mahali ambapo hakuitwa. Kwa wawekezaji wanaozunguka Njiro, Sakina na Olasiti jijini Arusha, na wale wa Moshi wanaotafuta kuanzia Shanty Town hadi Rau, hodi hiyo ni njia ya kawaida ya kufanya biashara. Mwenye nyumba hupokea ujumbe wa simu kutoka namba asiyoijua. Au anakuta kikaratasi kimechomekwa getini. Au kijana ametumwa kumuuliza mlinzi kama mwenye nyumba yupo, na kama hana mpango wa kuuza. Wanaofanya hivi wanasema wanamfikia muuzaji bila mtu wa katikati, na kwamba pande zote mbili zinanufaika. Nakubaliana nao nusu. Kumfikia mwenye nyumba moja kwa moja ni jambo jema. Lakini namna wengi wanavyolifanya inawaumiza wauzaji, na mwisho inawaumiza wanunuzi wenyewe.

Napendekeza kipimo kimoja. Ujumbe wa kwanza wa mnunuzi uwe ule unaoweza kusomwa kwa sauti kwenye kikao cha familia, mke au mume akiwepo, watoto wakiwepo, shangazi na baba mdogo wakiwepo, na mnunuzi mwenyewe akiwa amekaa pale pale asione aibu. Ujumbe unaofaa kusomwa na mtu mmoja tu akiwa peke yake chumbani una kasoro, hata kama bei iliyomo ni nzuri.

Kipimo hiki hakitokani na adabu peke yake. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuigawa, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inalinda haki ya mwenza katika ardhi ya familia. Nyumba ya marehemu haiuziki hadi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na huyo naye anawajibika kwa warithi wote. Kwa hiyo mnunuzi anayejipongeza kwamba "amemalizana na mzee" mara nyingi hajamalizana na mtu yeyote. Amelipa fedha kwa mtu mmoja kati ya watano wenye haki ya kusema, na wanne waliobaki atakutana nao kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tuanze na dalali, kwa sababu yeye ndiye anayetajwa kama sababu ya kwenda moja kwa moja. Malalamiko juu yake yana msingi. Mwenye nyumba anataka milioni 120, dalali anamwambia mnunuzi milioni 150, na ile milioni 30 ni cha juu, mbali na asilimia anayodai kwa uwazi kutoka kila upande. Wakiwa madalali wanne kwenye mnyororo, kila mmoja anaongeza chake, na muuzaji hajui kwamba nyumba yake imekaa miezi sita bila kuuzika kwa sababu bei inayotajwa mtaani siyo aliyoitaja yeye. Mnunuzi na muuzaji wakikutana ana kwa ana, uovu huo unaisha siku hiyo hiyo.

Ila dalali wa mtaa ana kitu ambacho mwekezaji anayetuma ujumbe hana. Anajulikana anakokaa. Anajua nani ana kesi na ndugu yake, kiwanja kipi kina mgogoro wa mpaka, na mjane yupi bado yuko kwenye matanga na hafai kusumbuliwa. Ukimwondoa, lazima ubebe mwenyewe ule ufahamu na ule uwajibikaji. Wengi wanamwondoa dalali, wanabaki na cha juu chake mfukoni mwao, halafu hawabebi chochote.

Mbinu nyingi wanazotumia hazikuzaliwa hapa. Marekani kazi hii ni kubwa na ina kanuni zake. Mwekezaji hununua orodha za majina: wenye nyumba wasiokaa humo, waliorithi, waliochelewa kulipa kodi ya jengo, walioanza kushindwa mkopo wa benki. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo ziko wazi kwa umma kwenye ofisi za serikali za maeneo, na zipo kampuni zinazozikusanya na kuziuza. Kila jina hutumiwa kadi ya posta au barua, tena na tena, mpaka mtu ajibu au achoke. Barua inayosifiwa zaidi ni ile inayochapwa na mashine kwa herufi zinazoiga mwandiko wa mkono, kwenye karatasi ya njano yenye mistari, ili mpokeaji aamini kuna mtu alikaa mezani akamwandikia yeye peke yake. Nyuma yake kuna kanuni ya asilimia 70: kadiria nyumba itauzwa kiasi gani baada ya ukarabati, chukua asilimia 70 ya hiyo, toa gharama za ukarabati, kinachobaki ndicho kiwango cha juu cha kumpa mwenye nyumba.

Huko huko watu wamejilinda. Tangu 2003 Marekani ina daftari la kitaifa ambamo mtu huandikisha namba yake ili wafanyabiashara wasimpigie. Jimbo la New York lina utaratibu wa kutangaza maeneo ambamo mwenye nyumba akijiandikisha, wanaotafuta nyumba za kununua hawaruhusiwi kumfuata. Eneo la East New York, Brooklyn, liliingizwa humo mwaka 2020. Wanaoleta kwetu mafunzo ya karatasi ya njano wangeleta na habari hizi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha mbinu ile imewafikisha wapi majirani wa pale.

Hata hivyo orodha za Marekani haziwezi kunakiliwa hapa zote. Huwezi kupata kwa urahisi orodha ya wadaiwa wa kodi ya jengo Arusha, kwa sababu tangu 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU; anayenunua umeme anailipa kidogo kidogo. Kinachobaki kwa mtafutaji ni vyanzo viwili vichungu zaidi: matangazo ya mirathi yanayobandikwa mahakamani na magazetini, na matangazo ya minada ya benki. Yaani msiba na deni. Mwekezaji anayeanzia hapo anakutana na watu wakiwa katika siku zao dhaifu kuliko zote, na ninaamini kabisa kwamba anayemfuata mjane kabla familia haijakaa kugawana majukumu anafanya jambo baya, hata kama bei yake ni ya haki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 16, inazungumzia ushawishi usiofaa, na inamtaja waziwazi mtu ambaye akili yake imeathiriwa na umri, ugonjwa au dhiki. Mkataba uliopatikana hivyo unaweza kutenguliwa. Mnunuzi mwenye akili hajengi ghorofa juu ya mkataba wa namna hiyo.

Nenda mitaa ya zamani ya Arusha au Moshi utaona ukutani, kwa rangi nyekundu au nyeusi: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo yana sababu zake. Kuna ndugu mmoja aliyetaka kuuza kwa siri, tapeli aliyewaonyesha watu nyumba isiyo yake, mume aliyepokea malipo ya awali mke akiwa safarini. Kila maandishi ya aina hiyo ni kumbukumbu ya mnunuzi aliyeingia kwa mtu mmoja na kuwaruka wengine. Simu nazo zimechafuka. Mtu ambaye kila wiki anapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na ambaye TCRA, mamlaka ya mawasiliano, imemfundisha kuupeleka kwenye namba 15040, hawezi kuuamini ujumbe mfupi usio na jina unaosema "nina mteja wa nyumba yako, ana cash". Mwekezaji anayetuma jumbe mia tano za namna hiyo anajiweka kwenye kundi la matapeli kwa hiari yake, kisha anashangaa kwa nini hajibiwi.

Barua ndiyo njia bora hapa, na simwambii mtu aifufue kwa ajili ya zamani. Kwetu hakuna tarishi anayepita nyumba kwa nyumba. Barua inayofika getini imeletwa na mtu, na mtu huyo ameonekana. Ipelekwe mchana, kwa kupitia kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, mnunuzi akiwa ameshajitambulisha ofisini kwake. Ningependa isomeke hivi:

"Mama, shikamoo. Naitwa fulani, nakaa Sakina. Mwenyekiti wa mtaa wangu ananifahamu na namba yake nimeiandika hapo chini pamoja na yangu. Kazi yangu ni kununua nyumba za zamani na kuendeleza viwanja vyake. Sijasikia popote kwamba unauza nyumba yako ya Kijenge, na kama huna nia hiyo naomba radhi, sitaandika tena. Nimekuandikia kwa sababu kiwanja chako ni kikubwa na kiko karibu na barabara. Nikikinunua nitabomoa nyumba iliyopo na kujenga vyumba vya kupangisha watalii. Fedha ni zangu na mkopo wa benki, hakuna mtu mwingine nyuma yangu. Natarajia kupata faida. Sihitaji jibu mwezi huu. Naomba uwaonyeshe watoto wako na mwanasheria barua hii kabla ya kunipigia."

Sentensi inayowatisha wawekezaji wengi humo ni ile ya kubomoa. Wanaona ni afadhali mama aamini kwamba familia changa itahamia, watoto watacheza chini ya mwembe alioupanda. Lakini mama huyo atapita njia hiyo tena. Majirani zake watampigia simu siku tinga litakapofika. Kama ukweli huo ungemfanya akatae, basi alikuwa na haki ya kukataa, na mnunuzi aliyeuficha amechukua kitu ambacho hakikuwa kwenye mkataba. Wako pia ambao ukweli huo utawarahisishia uamuzi: mzee aliyechoka na paa linalovuja, ambaye watoto wake wote wako Dar es Salaam na Mwanza, na anayejua hakuna atakayerudi kukaa humo.

Sentensi ya fedha nayo ina uzito wake Arusha. Mtu asiye raia wa Tanzania hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji unaopitia utaratibu wa sheria ya uwekezaji, na wapo wanaokwepa hilo kwa kumsimamisha Mtanzania awe jina kwenye mkataba. Muuzaji ana haki ya kujua anauza kwa nani.

Kisha kuna sababu ya mnunuzi kulitaka eneo. Uwanja wa mpira wa AFCON 2027, wa watazamaji wapatao 30,000, umebadilisha mazungumzo ya bei Olmoti na kata zinazouzunguka. Mtu anayejua barabara itapita wapi na kununua kwa mzee asiyejua anaita hiyo ujanja wa biashara. Mimi naona ni wajibu wake kuitaja kwenye barua, kwa sababu ndiyo sababu yenyewe iliyomfikisha getini. Njiro nayo ina historia inayofanana, ingawa kwa upande wa pili. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa Arusha takriban miaka 20 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015, na kuna wenye nyumba waliojenga nyumba kubwa kwa kutegemea wapangaji wa dola. Baadhi yao leo ni wazee wenye vyumba sita na mpangaji hakuna. Ndio wanaofuatwa sana, na wengi wao bado wanaikumbuka nyumba kwa thamani ya wakati ule. Kuwaeleza soko la sasa kwa upole na kwa ushahidi ni sehemu ya kazi ya mnunuzi mwaminifu.

Hapo tunafika kwenye bei, na hapa ndipo nadhani wawekezaji wanaweza kubadilika bila kupoteza. Tuseme nyumba ikikarabatiwa itauzwa milioni 200, na ukarabati ni milioni 35. Kwa kanuni ya asilimia 70, mnunuzi atatoa milioni 105. Muuzaji akisikia milioni 105 peke yake anajiona ametukanwa. Akiwekewa hesabu mezani, anaona mambo mawili ambayo hakuyajua: kwamba mabati, nyaya na mfumo wa maji vinakula milioni 35 kweli, na kwamba mnunuzi anakopa kwa riba inayokaribia asilimia 15 kwa mwaka huku nyumba ikisubiri mteja. Pia anaona faida iko wapi na anaweza kubishana nayo. Labda atasema ukarabati si 35 ni 25, fundi wake ameshakagua. Labda watakutana kwenye milioni 125. Labda atasema asante, nitakarabati mwenyewe. Majibu yote matatu ni halali, na mnunuzi asiyeweza kuvumilia la tatu hakuwa na bei, alikuwa na mtego.

Sheria yetu inajua kwamba bei ya chini kupita kiasi ni dalili ya ubaya. Benki inayouza nyumba ya rehani kwa asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko inadhaniwa, mpaka ithibitishe vinginevyo, kwamba imekiuka wajibu wake. Mnunuzi binafsi hana mpaka wa namna hiyo. Anaweza kujiwekea, kwa kumlipia muuzaji gharama ya mthamini aliyesajiliwa ambaye muuzaji amemchagua mwenyewe.

Kodi nitaipitia haraka. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida, ni mzigo wa muuzaji, na barua au mazungumzo ya kwanza yaseme nani ataibeba. Ushauri wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili "kupunguza kodi" ukataliwe hapo hapo. Mamlaka zinaangalia thamani iliyothibitishwa na mthamini, na mauzo yakivunjika, kiasi kilichoandikwa ndicho mahakama itakachokiona kwanza.

Moshi ina jambo ambalo Arusha mjini haina kwa uzito ule ule. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ya wazazi. Mwekezaji anayepanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho, Machame au Marangu anaona migomba, kahawa, nyumba ya zamani na kiwanja chenye mandhari ya Mlima Kilimanjaro, anafikiria hoteli. Anayekaa pale anaona makaburi ya babu na bibi, na kwa desturi ya Wachagga nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa kiume wa mwisho, aliyeachwa aitunze kwa niaba ya wote. Mtoto huyo wa mwisho ndiye anayefuatwa na wanunuzi, kwa sababu ndiye aliyepo na mara nyingi ndiye asiye na ajira. Msimamo wangu ni kwamba kihamba chenye makaburi kisiandikiwe barua kabisa. Ukoo ukiamua kuuza utatafuta mnunuzi wenyewe, na kwa kawaida utaanza na jamaa. Kumshawishi kijana mmoja mwenye shida ya ada au pikipiki ni kuwagombanisha watu wasiohesabika kwa ajili ya robo eka.

Kwa nyumba za mjini, Soweto, Majengo, Njoro, desturi hiyo hiyo inamsaidia mnunuzi mvumilivu. Desemba ukoo unarudi. Walioko Dar, Nairobi na ng'ambo wanakuwa nyumbani, na vikao vya mali vinafanyika kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Barua iliyofika Oktoba inapata nafasi ya kusomwa na wote. Kwa hiyo zile "ofa ya siku saba tu" zinazoigwa kutoka nje zinafanya kazi kinyume kabisa na jinsi watu wa huku wanavyoamua. Siku saba zinamlazimisha mtu aamue kabla kaka yake hajafika, na hilo ndilo kusudi lake.

Limebaki suala la namba za simu. Mwekezaji aliipata wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zilizokusanywa kwa kazi moja zisitumike kwa nyingine bila msingi halali, na inampa mtu haki ya kuzuia taarifa zake kutumika kumtangazia biashara. Namba iliyochukuliwa kwenye jalada la ofisi ya ardhi, kwenye daftari la mtaa au kwa mhudumu wa benki imepatikana vibaya, na mnunuzi anayeitumia anashiriki kosa hilo. Kwenda na barua kupitia ofisi ya mtaa kunaondoa tatizo hili, maana mwenye nyumba ndiye anayechagua kupiga simu.

Na mwenye nyumba akikataa, kukataa mara moja kutoshe. Jina lake liandikwe kwenye orodha ya wasiofuatwa, orodha hiyo wapewe vijana wote wanaofanya kazi kwa mnunuzi huyo, na mwenyekiti wa mtaa aliyepokea barua aambiwe kwamba shauri limekwisha. Nimesikia hoja kwamba watu hubadilika, na kwamba aliyesema hapana Machi anaweza kusema ndiyo Septemba. Ni kweli hubadilika. Ndiyo maana barua ina namba ya simu, na yeye ndiye mwenye kuipiga.